Walikuwa Wanasali Wapi

Naki alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya magari, akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko kile alichokuwa nacho utotoni kwamba baba yake amefariki, na kwamba familia inaniomba nisome wasifu wa marehemu siku ya ibada. "Niuandike?" nikauliza haraka, maana mimi ni mtu wa kuandika, na watu wa aina yangu kila msiba tunauona ni nafasi ya kazi. "Hapana, Anko. Ameshauandika mwenyewe. Wewe usome tu, una sauti." Nilikubali, nikakata simu, na magari ya nyuma yakanipigia honi kwa sababu foleni ilikuwa imeshasogea nami nimebaki palepale, mwaka 2004.

Mwaka ule nilipanga chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya Mzee Elinaja na mkewe, Mama Naki, huko Germantown, Maryland, Marekani. Kilikuwa na dirisha moja lililokuwa usawa wa majani, kiasi kwamba hali ya hewa niliijua kwa kuangalia viatu vya wapita njia, na pembeni palikuwa na mtambo wa kupasha nyumba joto uliokuwa ukikohoa kila baada ya dakika kumi kama mgonjwa asiyetaka kwenda hospitali. Mzee alikuwa msafishaji katika shule ya msingi, lakini kwao Upare alikuwa fundi mwashi, na hakuisamehe nyumba ile hata siku moja. Akishuka kuangalia mtambo wake alikuwa akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. "Unasikia? Ubao na karatasi," alikuwa akisema. "Nyumba ya mkopo wa miaka thelathini, na ukiegemea vibaya unatokea kwa jirani." Mama Naki, ambaye alitunza wazee wa Kizungu kwa zamu mbili ili karatasi hiyo iendelee kuwa yao, alikuwa akimjibu kutoka juu ya ngazi: "Basi kalale nje kwenye mawe, baba, blanketi nitakuletea."

Kuta hizo za karatasi nilikuwa nimezifunika kwa picha za kanisa. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya historia ya usanifu majengo pale chuo kikuu cha College Park, na kwa sababu ambazo siku hizi siwezi kuzieleza bila kucheka nilikuwa nimechagua kanisa dogo la kijiji kaskazini mwa Ujerumani, lililojengwa na Wakatoliki katika karne ya kumi na tatu na kurithiwa na Walutheri baada ya Matengenezo ya Kanisa bila hata jiwe moja kuhama. Sikuwa nimewahi kulitia machoni. Viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja, na miaka ile mtu wa pasipoti kama yangu akitoka hakuwa na hakika ya kurudi, kwa hiyo nilikuwa mtaalamu kwa njia ya posta: picha za profesa wangu, michoro yake, na nakala za vipimo vya watu waliokwisha kufa. Nilijua kwamba kuta ni za mawe ambayo wakulima waliyaokota mashambani na kuyapasua kwa kabari, na unene wake ni urefu wa mkono ulionyooshwa. Nilijua kwamba madirisha yalikuwa membamba kama nyufa mpaka Walutheri walipoyapanua, maana sasa kila mtu alitakiwa asome nyimbo mwenyewe. Nilijua kwamba chini ya chokaa nyeupe kuna watakatifu waliochorwa, wamepakwa rangi wakanyamaza. Ila sikujua kanisa lile linanuka nini, na kwa mtu anayeandika kurasa mia moja na ishirini juu ya jengo hilo ni aibu kidogo.

Jambo lililonivuta ni kwamba kanisa lilikuwa limepinda. Ukisimama mlangoni na kutazama mbele, sehemu ya madhabahu haikufuata mstari wa ukumbi wa washarika, ilikwenda kushoto, upande wa kaskazini, si sana, kama mtu aliyegeuza shingo kusikiliza. Wacha Mungu wa kijiji walisema mafundi walifanya makusudi, kwamba hicho ni kichwa cha Yesu kilicholala begani pale msalabani. Wataalamu, ambao hawana subira na mambo mazuri, walisema mafundi walikuwa washamba wasiojua kupima. Mimi nilikuwa nimeamua kukitetea kichwa cha Yesu, kwa sababu kilitoa sentensi nzuri.

Kila Jumapili tulisali saa nane mchana katika kanisa la Wamarekani waliotuazima jengo baada ya wao kumaliza, tukikuta vikombe vyao vya kahawa bado vina joto. Baada ya ibada watu wachache walikuja kwa Mzee kula makande, ambayo Mama Naki aliyaloweka tangu Ijumaa na kuyapika kwa maziwa kama kwao. Miongoni mwao alikuwa bwana Mshana, mtu wa kompyuta aliyeendesha gari kutoka mji wa Falls Church, aliyetoka usharika mmoja na Mzee kule milimani, na aliyekuwa na kicheko kinachotangulia maneno yake. Septemba hiyo, siku ya kuzaliwa ya Naki alipotimiza miaka kumi na minne, Mzee alikata keki. Mshana aliinamisha kichwa akaikagua. "Elinaja, hii keki umekata wewe? Mbona imekwenda upande?" Watu wawili wa kwao wakacheka mpaka wakashika meza. "Msimpe kisu," Mshana akaendelea, "mpeni kamba kwanza. Na mumnuse mdomo." Mama Naki aliweka sahani kwa kishindo. "Mshana, kula ukalale." Mzee alitabasamu lile tabasamu la mtu aliyezoea kupigwa mahali palepale, akaendelea kugawa keki, na mimi, mtafiti, sikuuliza kitu.

Ilikuwa Novemba aliponiambia. Mtambo uligoma kabisa, akashuka na kisanduku chake cha vifaa, na alipomaliza akajifuta mikono akasimama mbele ya ramani kubwa ya kanisa niliyokuwa nimeibandika juu ya kitanda. Kisha akatoa miwani mfukoni.

"Hili limepinda," alisema.

Nikampa hotuba ya kichwa cha Yesu. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mwinjilisti mgeni.

"Sawa," akasema. "Walikuwa wanasali wapi?"

"Nani, Mzee?"

"Hawa watu. Wakati wanajenga. Jiwe la namna hii ni miaka kumi, kumi na tano. Walikuwa wanasali wapi miaka yote hiyo?"

Katika vitabu vyote vilivyokuwa kwenye meza yangu, hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo. Mzee alikaa kitandani kwangu, akachukua kalamu ya risasi na tangazo la shule alilokuwa nalo mfukoni, akachora nyuma yake mstatili mdogo, halafu mkubwa kuuzunguka.

"Hapa kuna kanisa la zamani, la miti. Hulibomoi, maana Jumapili watu watakwenda wapi? Unajenga jipya nje yake, linalizunguka. La zamani linabaki ndani kama mtoto tumboni. Watu wanaingia, wanasali, wanatoka, wewe unaendelea na mawe. Siku umepaua ndiyo unabomoa la ndani, unalitolea mlangoni kipande kipande. Sasa niambie, Profesa, fundi anajuaje kwamba kona zake ni sawa?"

"Anapima."

"Anapima nini? Anavuta kamba kona kwa kona kupita katikati, hii na hii, zikilingana nyumba iko mraba. Lakini kamba itapita wapi? Katikati kuna kanisa. Unazungukazunguka nje, kona hadi kona, kila kona unakosea unene wa ukucha. Ukifika madhabahuni ukucha umekuwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole." Akaiweka kalamu chini. "Hawakuwa washamba hawa. Wala hawakuwa wanamchora Yesu. Hawakutaka kukosa ibada."

Kisha akaniambia habari ya kanisa lake. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza, na mchungaji alitaka hivyohivyo: jipya lilizunguke lile la udongo, ibada isisimame hata Jumapili moja. Haikusimama. Ubatizo ulifanyika, ndoa zilifungwa, yeye yuko nje na mwiko, akinyamaza kugonga wakati wa sala. Siku walipolibomoa la ndani na kuona kwa mara ya kwanza ukumbi mzima, madhabahu ilikuwa imekwenda kushoto. Mchungaji hakusema alichoagiza. Mtu mmoja akasema fundi alikuwa amelewa, na hilo ndilo lililosafiri. "Pombe sijawahi kuonja," alisema Mzee, "mpaka leo, hata mbege ya harusi. Lakini tangu siku ile hakuna aliyenipa hata banda la mbuzi nijenge." Naki alikuwa amekaa kwenye ngazi akimsubiri baba yake, anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. "Dad, why didn't you just tell them?" Mzee akamgeukia. "Niliwaambia. Fundi akijitetea ni nani anamsikiliza?" Halafu akanigeukia mimi. "Wewe ukiandika, andika na la kwangu. Mstari mmoja tu. Pembeni ya hawa Wajerumani."

Nikasema nitaandika. Nilisema kwa moyo wote, na nataka hilo lieleweke, si kwa kujisafisha bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliahidi kwa urahisi wa mtu ambaye ahadi haijamgharimu kitu.

Majira yale ya baridi niliandika kama niliyepagawa. Katika maandishi ya profesa nilikuta mstari uliosahauliwa: miaka mingi nyuma, wanakijiji walipochimba sakafu ili kuweka mabomba ya joto, waliona mashimo ya nguzo za miti, yamejipanga mistari miwili, ndani kabisa ya ukumbi. Kanisa la miti. Mtoto tumboni. Nilipanda ngazi mbili mbili nikamwonyesha Mzee, naye akamwita mkewe aliyekuwa akikaanga vitunguu. "Mama Naki, njoo, wameona nguzo!" Mama akaja na mwiko mkononi, akaangalia karatasi ya Kijerumani asiyoisoma, akasema, "Sasa Mshana afunge mdomo." Jioni hiyo, nyuma ya tangazo jingine la shule, Mzee alichora ramani ya kanisa lake, safari hii kwa rula ya Naki, vipimo vyote kutoka kichwani, mpaka upana wa mlango wa upande wa wanawake. Niliiweka mwisho wa sura ya nne, ikiwa na jina lake chini.

Profesa wangu hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa. Alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, aliyenipigania mara mbili kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na Februari ile alinikaribisha kahawa akasema sura ya nne ni kazi bora kuliko yoyote aliyosimamia. Akafungua ukurasa wa mwisho. Akasema mchoro huu unapendeza sana, lakini wasomaji wenzake watauliza unafanya nini hapa. Afrika ya karne ya ishirini haithibitishi Ulaya ya karne ya kumi na tatu, na shahidi mwenyewe ni mwenye nyumba wako. Hoja inasimama peke yake, alisema. Uondoe, usije ukawapa sababu. Wenzake hao ndio ambao wangeamua kama ninaendelea na udaktari, na bila udaktari viza yangu ilikuwa inakufa mwezi wa nane. Hiyo ndiyo sababu niliyoitumia kwa miaka mingi, na ni ya kweli. Nimegundua tu kwamba sikubishana. Sikusema hata "lakini swali ni lake". Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto nilipokubali, na mchoro niliutoa kwenye faili siku hiyohiyo. Kwenye ukurasa wa shukrani niliishukuru familia iliyonipa chumba na makande. Makande niliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za mlalo, nikajiona nimefanya jambo.

Mzee sikumwambia. Aprili aliniuliza siku ya mtihani wa kuitetea tasnifu, akaomba ruhusa kazini, akavaa suti ya Pasaka, akaja College Park na Naki kama mkalimani. Walikaa safu ya nyuma. Nilikuwa na picha zangu, fimbo ya kuonyeshea na Kiingereza changu kilichopigwa pasi. Nilifika kwenye ramani iliyopinda, nikanyamaza kidogo kama nilivyofanya mazoezi mbele ya mtambo wa joto, nikasema: nilijiuliza swali ambalo halijawahi kuulizwa: walikuwa wanasali wapi? Nikaona vichwa vitatu vya maprofesa vikiinuka. Nyuma kabisa Naki alikuwa akimnong'oneza baba yake, na hapo akaacha. Chumba kilikuwa kidogo, nilisikia kila kitu.

"Amesemaje?" Mzee aliuliza.

"Amesema yako, Baba."

"Yangu?" Akakaa wima. "Na la kwetu amelisema?"

Naki hakujibu kwa lugha yoyote. Alinitazama mpaka nilipozima taa ya mashine ya picha.

Nje, kwenye korido, Mzee alinishika mkono kwa mikono miwili. "Hongera, mwanangu. Umesema vizuri." Aliendesha gari kurudi Germantown bila kuwasha redio.

Jumamosi Mama Naki alipika pilau ya kunipongeza, na Mshana akaja. Hicho ndicho chakula ninachokikumbuka kuliko vyote nilivyokula katika nchi hii, na sikumbuki ladha yake. Mezani Mshana aliniomba nieleze hiyo digrii yangu inahusu nini, nikaeleza kwa kifupi, na kicheko chake kikaja, lakini safari hii kikiwa na kitu kama aibu ndani yake. "Kwa hiyo Wajerumani nao walipinda?"

"Walipinda," nikasema.

"Kwa ajili ya kusali ndani?"

"Ndiyo."

Akakiweka kijiko chini. Akamtazama Mzee, akanitazama mimi. Naamini kabisa kwamba alikuwa anauliza kwa dhati. "Profesa, tuambie. Na lile la kwetu ni hivyohivyo? Au la Elinaja ni pombe?"

Mama Naki aliacha kupakua. Mzee hakunitazama, alikuwa anapanga punje za wali kwenye ukingo wa sahani yake, zimenyooka. Nilihitaji neno moja tu. Lakini nilikuwa nimemaliza tasnifu siku nne tu zilizopita, na ndani yake hakuna kanisa la Upare, na nikifungua mdomo sasa swali litakalofuata ni kwa nini halimo. Nikafuta midomo. "Ni suala tata," nikasema. "Bila utafiti siwezi kusema."

"Ee," Mshana akasema taratibu, akachukua kijiko. "Basi ni pombe." Na watu wakacheka, kwa nafuu zaidi kuliko kwa furaha, na Mzee akacheka nao.

Nilihama mwezi uliofuata. Udaktari niliupata, na kazi, na makala iliyotoka kwenye sura ya nne bado hunukuliwa na watu sita au saba duniani wanaojali mambo hayo. Miaka ilipopita nikapata karatasi za kusafiri, nikaenda kuliona kanisa. Linanuka nta na mawe yenye unyevu. Bibi mwenye ufunguo alinionyesha madhabahu na kuanza habari ya kichwa cha Yesu, nami nikamsahihisha, mstari kwa mstari, mtoto tumboni na vyote. Alifurahi sana. Aliniuliza nimeyajulia wapi. Nikamwambia, katika utafiti wangu.

Ibada ya Mzee ilifanyika katika kanisa lilelile la Wamarekani, safari hii asubuhi. Naki, ambaye sasa ana watoto wanaomjibu kwa Kiingereza, alinipa karatasi mbili zilizopigwa chapa. "Alinisomea nikataipu," alisema. "Akasema usibadilishe kitu." Nilizisoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshasimama mimbarani, kwa uvivu au kwa woga. Marehemu alizaliwa. Marehemu alibatizwa. Inashangaza kumsikia mtu akijiita marehemu kwa utulivu hivyo. Kisha nikafika hapa, na nikasoma kwa sauti yangu inayosifiwa: "Marehemu alijenga kanisa la usharika wake. Kwa upungufu wake mwenyewe lilipinda upande wa madhabahu. Anawaomba washarika wamsamehe."

Sikusita. Niliendelea mpaka watoto, wajukuu, na "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Baadaye, kwenye ukumbi wa chakula, Mshana alinijia akitembelea fimbo, amezeeka, kicheko kimebaki mdomoni bila sauti. "Umesoma vizuri," alisema. "Na yeye amefanya vizuri kukiri. Mtu asiende kaburini na kitu."

"Hakukosea, bwana Mshana," nikasema. "Lile kanisa. Hakukosea."

Alinitazama kwa muda, kama anayetafuta nilipo katika kumbukumbu zake, na akanipata. "Wewe si ulisema bila utafiti huwezi kusema?"

Naki alikuwa amesimama karibu na sufuria ya chai. Alisikia, akamimina chai kwenye kikombe, akampa mtu mwingine.

Mchoro wa Mzee ninao. Uko nyuma ya tangazo la shule linalowakumbusha wazazi kuleta makoti ya mvua. Kutoka mlango mkubwa hadi ngazi ya madhabahu ni hatua thelathini na nne. Ukuta wa kusini ni mrefu kuliko wa kaskazini kwa dhiraa moja kasoro kidogo. Kanisa hili alilijenga Elinaja, fundi mwashi, akilizungusha nje ya kanisa la udongo, na kazi ilipoendelea hakuna Jumapili iliyokosa ibada. Hakuwa amelewa. Kamba haikupita kona kwa kona kwa sababu katikati watu walikuwa wanasali.